Maswali ya Wasomaji: Kuchagua Kazi Ukiwa Bado Shuleni

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja: namna mwanafunzi wa sekondari anavyoweza kuongozwa katika kuchagua kazi, na faida ya kumpeleka akaonje kazi hiyo kabla hajamaliza masomo. Tumechagua sita na kuzifupisha. Majina tumeyaondoa, kwa kuwa baadhi ya walioandika bado ni watoto.

Shikamoo mshauri. Niko kidato cha pili na muhula ujao natakiwa kuchagua masomo nitakayoendelea nayo. Wenzangu wote wanajua watakuwa nani: daktari, mwanasheria, rubani. Mimi kila nikiulizwa nababaika. Je, nina kasoro?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili*

Marahaba, mwanangu. Kasoro huna. Mwulize rafiki yako anayesema atakuwa mwanasheria akueleze mwanasheria hufanya nini saa nne asubuhi, siku ambayo hana kesi mahakamani, na huenda utagundua kwamba anachokijua ni jina la kazi na mavazi yake. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) lilichapisha mwaka 2020 uchambuzi wa majibu ya vijana wa miaka 15 kutoka nchi 41, ukaonyesha kwamba asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana walitarajia kuwa katika mojawapo ya kazi 10 tu watakapofika umri wa miaka 30. Kazi duniani ni maelfu, lakini mtoto huchagua miongoni mwa zile anazoziona: mwalimu aliye mbele yake darasani, daktari aliyemtibu, askari aliyemwona kwenye televisheni. Anayebabaika pengine amekwisha kuhisi kwamba orodha aliyopewa ni fupi mno.

Mwaka 1908, katika jiji la Boston nchini Marekani, Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi, na wengi humtaja kuwa ndiye mwanzilishi wa ushauri wa kazi kama tunavyoufahamu leo. Alisema kwamba mtu anahitaji mambo matatu: ajijue mwenyewe, aijue kazi na masharti yake, kisha alinganishe hayo mawili kwa kufikiri sawasawa. Shule nyingi hushughulika na la kwanza, zikakuuliza unapenda nini na una kipaji gani, halafu zikarukia la tatu. La pili, ambalo ni kuijua kazi yenyewe, huachwa kana kwamba litajijua. Nakushauri uanzie hapo.

Kuhusu masomo, usitafute kazi ya maisha yako kwa muhula mmoja. Jiulize badala yake: nikiliacha somo hili leo, nitaweza kulirudia baadaye? Hisabati na kemia ni vigumu kuzirudia mtu akishaziacha kwa miaka miwili, na kozi nyingi za uhandisi, famasia, uuguzi na teknolojia zinadai mojawapo au zote mbili. Kwa hiyo, kama unazimudu hata kwa shida kidogo, usiharakishe kuziacha. Pia usiliache somo kwa sababu humpendi mwalimu wa mwaka huu, wala usilichukue kwa sababu rafiki yako amelichukua. Mwalimu atabadilika na rafiki huenda akahamia mchepuo mwingine.

Wakati huohuo, anza kuzungumza na watu wanaofanya kazi, hata hao wa nyumbani kwenu. Swali la "Je, kazi yako ni nzuri?" litakupatia jibu la adabu tu. Waulize: "Jana ulifanya nini tangu ulipofika hadi ulipoondoka?" Kisha uliza ni sehemu ipi ya kazi yao wasingependa kumwachia mtu mwingine, na ni ipi wangeiacha leo kama wangeweza. Ukiyaandika majibu ya watu wachache wa namna hiyo, utakuwa na maarifa ambayo huyo rubani mtarajiwa hana.

Mhariri, binti yetu ana miaka 16 na anataka kusomea ufundi wa umeme. Anafaulu vizuri masomo ya sayansi, na baba yake anasema huko ni kupoteza akili, lazima awe daktari. Nyumbani hapakaliki. Mimi nisimame wapi?
*Mama wa watoto watatu*

Mzazi mwenzangu, nakuomba kwanza usiyachukulie maneno ya baba kuwa ni ukaidi mtupu. Mara nyingi mzazi anayetaja udaktari huwa anataja mambo matatu ambayo hakuyasema: kipato kisichoyumba, heshima, na usalama wa binti yake mahali pa kazi. Hayo ni mambo ya haki kabisa, na yanaweza kuchunguzwa moja baada ya jingine badala ya kubishaniwa kwa jumla.

Anzeni na njia ya masomo. Ulizeni katika vyuo viwili au vitatu: cheti cha ufundi wa umeme kinamruhusu kuendelea hadi stashahada, na kutoka stashahada hadi shahada ya uhandisi? Mahali ambapo ngazi hiyo ipo, ufundi haumfungii mwenye akili ya fizikia mlango wowote, ila unamwingiza kwa mlango wa mikono kwanza. Mahali ambapo haipo, baba ana hoja yenye uzito, na huenda ikafaa binti amalize kwanza masomo ya sayansi ya juu ndipo aingie kwenye uhandisi wa umeme moja kwa moja. Jibu la swali hilo moja linaweza kubadilisha mjadala mzima wa nyumbani kwenu.

Pili, tafuteni siku chache ambazo binti atakaa na fundi umeme mwenye leseni, akiangalia tu bila kugusa nyaya zenye umeme, na siku chache nyingine katika zahanati au hospitali itakayokubali kumpokea. Baba naye aende kuonana na huyo fundi. Ujerumani wana siku maalumu ya kila mwaka, iliyoanza mwaka 2001, ambapo wasichana wa shule hupokelewa katika karakana, maabara na kampuni za teknolojia, mahali ambapo wanawake bado ni wachache. Walioianzisha walielewa kwamba msichana hawezi kuchagua kwa uhuru kazi ambayo hajawahi kumwona mwanamke akiifanya. Kama mnaweza kumpata fundi mwanamke, hata kwa mazungumzo ya saa moja, fanyeni hivyo.

Sikubaliani na wanaosema mtoto aachwe tu afuate moyo wake, kwa sababu moyo wa miaka 16 unajua mambo machache. Lakini anayekwenda kusomea udaktari kwa ajili ya baba anakwenda kukaa na wagonjwa miaka mingi, na wagonjwa watalijua hilo kabla ya baba.

Shule yetu hupeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye mafunzo kazini kwa wiki mbili. Wakirudi, wengi husimulia kwamba walifagia, walitumwa chai, au walikaa kwenye benchi wakichezea simu. Uongozi unafikiria kuufuta mpango huu. Nitaunusuru vipi?
*Mwalimu wa ushauri nasaha*

Mwalimu, usikubali ufutwe kabla haujajaribiwa kwa ukamilifu, maana ulichoeleza ni kumpeleka mwanafunzi mahali pa kazi, na kupeleka ni sehemu ndogo sana ya mpango wenyewe. Ni rahisi kumlaumu mwenyeji. Jiweke katika nafasi yake: Jumatatu asubuhi ameletewa kijana mwenye barua inayosema "tafadhali mpokeeni", bila neno hata moja kuhusu kile anachotakiwa kujifunza, anachoruhusiwa kufanya, au nani apigiwe simu likitokea tatizo. Ana wateja wanaosubiri. Atampa ufagio.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla. Nenda, au mtume mwenzako, mahali penyewe, na usiishie kwa mkurugenzi aliyetia saini. Mtafute mfanyakazi atakayekaa na mwanafunzi kila siku, kwa kuwa mara nyingi huyo ndiye wa mwisho kuambiwa. Andikeni pamoja karatasi moja isiyozidi ukurasa: mwanafunzi ataona nini, atafanya nini kwa mikono yake, hatagusa nini kamwe, na ataripoti kwa nani. Katika duka la dawa, kwa mfano, hawezi kumpa mgonjwa dawa, na hilo lisiwe na mjadala. Lakini anaweza kukagua tarehe za mwisho wa matumizi, kuhesabu akiba iliyobaki na kuilinganisha na daftari, na kusikiliza jinsi mfamasia anavyomhoji mteja kabla ya kumkabidhi dawa. Katika ofisi ya mhasibu anaweza kupanga stakabadhi za mwezi uliopita na kutafuta mahali ambapo hesabu hailingani. Katika karakana anaweza kusimama kando ya fundi anayetafuta hitilafu ya injini na kuandika kila hatua aliyoichukua na sababu yake. Wala ufagio wenyewe haustahili kudharauliwa: mafuta yaliyomwagika kwenye sakafu ya karakana ni ajali inayosubiri mtu, na kuisafisha ni sehemu ya ufundi. Ubaya ni pale ambapo hakuna kingine baada ya ufagio.

Mwanafunzi naye aandaliwe. Ajue saa ya kufika, mavazi, matumizi ya simu, na hasa siri: majina ya wagonjwa, mishahara na madeni ya wateja hayazungumzwi nje, hata nyumbani. Aende na maswali matatu aliyoyatunga mwenyewe, kwa sababu anayekwenda bila swali hurudi na hadithi ya chai.

Siku ya tatu, piga simu au tembelea. Kosa la upangaji likijulikana siku ya tatu linaweza kurekebishwa. Likijulikana siku ya kumi linabaki kuwa lalamiko. Kuhusu shajara ambayo mwanafunzi huandika akiwa kazini, ile ya "leo nilifanya hiki na kile" huandikwa yote kwa pamoja usiku wa mwisho, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Uliza maswali yasiyoweza kujibiwa kwa kubuni: Leo nani alifanya uamuzi mgumu, na alitumia taarifa gani? Somo gani la darasani lilitumika bila mtu kulitaja jina? Ni jambo gani lilikuwa tofauti na ulivyodhani?

Hatua inayosahaulika kuliko zote ni ya baada ya kurudi. Shule nyingi hugonga muhuri kwenye fomu na kuendelea na ratiba. Tenga vipindi viwili wanafunzi waelezane walichokiona, kwa sababu aliyekaa ofisi ya sheria atafaidika kumsikia aliyekaa shambani au bandarini; kisha kila mmoja apate muda wa faragha na mshauri, hata kama ni dakika ishirini. Nchini Uingereza, vigezo vinane vya mwongozo wa kazi shuleni vilivyotolewa na taasisi ya Gatsby mwaka 2014 vilitaka kila mwanafunzi awe amepata uzoefu wa mahali pa kazi angalau mara moja kabla ya kufika miaka 16 na mara nyingine kabla ya miaka 18, na wakati huohuo vilitaka mahojiano ya ana kwa ana na mshauri aliyefunzwa kwa mpangilio kama huo wa umri. Vimeandikwa kama vigezo viwili tofauti, lakini kwa maoni yangu kimoja bila kingine ni nusu ya kazi.

Kuhusu muda, usitishike. Ujerumani wanafunzi kwa kawaida hukaa mahali pa kazi wiki mbili hadi tatu. Ufaransa ni kama wiki moja ya kuangalia tu, katika mwaka wa mwisho wa sekondari ya chini. Ireland wana mwaka mzima wa hiari, ulioanza kwa majaribio mwaka 1974, ambao unachanganya masomo na uzoefu wa kazi. Siku nne zilizopangwa vizuri zinazishinda wiki mbili za benchi, na kama shule yako haina nguvu ya kusimamia wiki mbili, punguza siku badala ya kupunguza usimamizi.

Jambo la mwisho, ambalo uongozi wako huenda usipende kulisikia: msiwaachie wanafunzi wajitafutie nafasi wenyewe. Mtoto wa daktari atakwenda hospitali, mtoto wa wakili atakwenda kwa mawakili, na yule ambaye nyumbani kwao hakuna mwenye ajira rasmi atakwenda popote patakapomkubali. Mpango ulioanzishwa ili kupanua macho utakuwa umemwonyesha kila mmoja kile alichokwisha kukiona nyumbani. Shule itafute nafasi na igawe yenyewe.

Nina kampuni ndogo na ningependa kupokea wanafunzi wawili wenye miaka 15 wakati wa likizo. Rafiki yangu amenitisha kwamba nitashtakiwa kwa kuajiri watoto. Je, ni kweli?
*Mmiliki wa kampuni ya uchapishaji*

Ndugu, rafiki yako ana hofu ya msingi mzuri, ila amechanganya mambo mawili. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka umri wa chini wa kuajiriwa usiopungua ule wa kumaliza elimu ya lazima na, kwa jumla, usiopungua miaka 15. Nchi ambazo uchumi na elimu yake havijaendelea vya kutosha ziliruhusiwa kuanza na miaka 14. Kazi inayoweza kudhuru afya, usalama au maadili ya kijana inahitaji miaka 18. Hata hivyo, kifungu cha 6 cha mkataba huo kinasema wazi kwamba hauhusu kazi inayofanywa katika shule za elimu ya jumla au ya ufundi, wala ile inayofanywa katika kampuni na kijana aliyefikisha angalau miaka 14, ikiwa kazi hiyo inafuata masharti yaliyowekwa na mamlaka husika na ni sehemu ya masomo, ya mafunzo, au ya mpango wa kumwongoza kijana katika kuchagua kazi.

Maana yake kwako ni hii: wapokee kupitia shule, usiwapokee kwa mapatano ya mdomo na mzazi. Uwe na barua ya shule, idhini ya mzazi kwa maandishi, tarehe za kuanza na kumaliza, na jina la msimamizi. Ulizia sheria ya nchi yako kuhusu saa za kazi za vijana na kuhusu bima, maana sheria ya nchi inaweza kuwa kali kuliko mkataba. Katika uchapishaji, mashine ya kukatia karatasi na kemikali za kusafishia mitambo wasizikaribie kabisa. Waweke kwenye usanifu wa kurasa, usomaji wa prufu na mapokezi ya wateja. Na ukiona umeanza kuwategemea ili kazi ya mteja iishe kwa wakati, basi wamekwisha kuwa wafanyakazi wako, na hapo rafiki yako atakuwa sahihi.

Shule yetu haina mpango wowote wa mafunzo kazini. Nataka kuomba nafasi mwenyewe lakini sina ndugu wala jamaa anayefanya kazi ofisini. Niandike nini?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne*

Andika barua fupi, mwanangu, ya aya tatu. Ya kwanza iseme wewe ni nani na unaomba nini hasa: "Ninaomba ruhusa ya kuja kujifunza kwa kuangalia kazi za idara yenu ya usafirishaji kwa siku tano wakati wa likizo, bila malipo." Ombi lenye siku na idara ni rahisi kukubaliwa kuliko "nafasi yoyote". Ya pili iseme kwa nini umechagua hapo, kwa jambo moja la kweli unalolijua kuhusu kazi yao. Ya tatu itaje mwalimu aliyekubali kukuthibitisha. Usijaze wasifu wako sifa ambazo huna; mtu wa umri wako anatarajiwa kuwa na masomo, klabu za shule na majukumu ya nyumbani, na hayo yanatosha.

Peleka kwa mkono mahali inapowezekana, ukiwa umevaa sare. Usipojibiwa ndani ya wiki moja, ulizia mara moja kwa upole, kisha endelea kwingine. Tuma barua kadhaa kwa wakati mmoja, kwa kuwa wengi hawatajibu, na kutojibu kwao mara nyingi hakuhusiani nawe. Mwombe pia mwalimu mkuu muhuri wa shule, ili mpango wako utambulike kuwa ni wa masomo, na mzazi au mlezi wako ajue unakwenda wapi na utakuwa na nani. Mahali watakapokudai fedha ili wakupokee, ondoka.

Nilitaka tangu utotoni kuwa muuguzi. Nilipata siku tano hospitalini, na siku ya pili, jeraha lilipokuwa likisafishwa, nilizirai. Kila mtu sasa ananicheka. Je, ndoto imekwisha?
*Msichana wa kidato cha tatu*

Haijaisha, binti yangu. Kuzirai kwa kuona damu au jeraha ni jambo la mwili: mapigo ya moyo hupungua na shinikizo la damu hushuka ghafla, na huwapata watu wengi wakiwemo wanafunzi wa tiba. Wengi huzoea kadiri wanavyoona, na ipo mbinu ya kukaza misuli ya miguu na mikono dalili zinapoanza, ambayo husaidia kuzuia shinikizo lisishuke. Mwulize muuguzi akuonyeshe.

Kinachonivutia zaidi katika barua yako ni kwamba hukusema lolote kuhusu siku nne nyingine. Kaa uandike ulichokifurahia na kilichokuchosha katika siku hizo. Kama ulifurahi kukaa na wagonjwa na kuwasikiliza, uuguzi bado unakusubiri. Kama kilichokuvutia ni dawa, picha za eksirei, chakula cha wagonjwa au jinsi kumbukumbu zinavyotunzwa, basi famasia, radiolojia, lishe na takwimu za afya ni kazi za hospitali hiyohiyo ambazo pengine hukuzijua kabla ya kwenda. Mwombe msimamizi wako siku nyingine mbili, moja katika wodi na moja katika idara usiyoifahamu, na mweleze mapema yaliyokupata ili akuweke karibu na kiti. Usiende bila kifungua kinywa, kwa maana njaa na kusimama kwa muda mrefu huongeza uwezekano wa kuzirai.